Teksi Arobaini za Saodah

Kwa miaka kumi na miwili mimi na Saodah binti Latif tulikaa benchi moja katika kiwanda cha magari ya kuchezea kule mjini Kamunting. Yeye alipaka rangi, mimi nilifunga maboksi. Kazi yetu ya mwisho ilikuwa teksi ndogo za chuma, urefu wa kidole cha kati, mwili mweusi na paa la njano, kama zile zilizokuwa zikitupeleka mjini Ipoh enzi hizo. Mapaa yote yale aliyapaka Saodah kwa brashi, moja moja, akiwa amebana pumzi.

Kiwanda kilikuwa kinafungwa, na tajiri alitaka kuaga kwa heshima. Akaagiza zitengenezwe mia tatu tu, kila moja ichongwe namba tumboni, kisha kalibu ya kuzimiminia chuma ivunjwe. Ilivunjwa kweli, niliona kwa macho yangu. Ila fundi yeyote anajua kwamba ukiagizwa mia tatu huishii mia tatu. Unaongeza kidogo, maana nyingine zitaharibika. Safari hiyo hazikuharibika. Zikabaki arobaini, nzima, hazina namba, na msimamizi akasema zirudi tanurini. Saodah alimwomba aondoke nazo. Msimamizi akageuza uso upande wa pili, naye akazibeba nyumbani katika makopo mawili ya biskuti.

Miaka zaidi ya ishirini ikapita. Mumewe alifariki, akabaki na mwanawe wa pekee, Hazwan, na kibanda cha wali wa nazi karibu na soko la Taiping. Hazwan alipofika miaka ishirini na minne alipata kazi ya hoteli Bangkok, au ndivyo alivyoambiwa. Wiki ya tatu simu ililia tukiwa tunamenya vitunguu. Saodah alisikiliza, kisu bado kikiwa mkononi, kisha akaniwekea simu sikioni kwa sababu hakuamini alichokisikia. Hazwan alikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Myanmar, ndani ya ukuta wenye walinzi wa bunduki, analazimishwa kutapeli watu kwa simu kuanzia asubuhi. Asiyefikisha kiwango anapigwa. Sauti ya mwanamume mwingine ikaingia: ringgit elfu sitini, pesa za kwetu, ndani ya wiki mbili, ndipo amwachie.

Tulikwenda polisi. Waliandika kila kitu, wakatuonea huruma, wakasema yako mafaili mengi ya namna hiyo na kule si nchi yao. Saodah akauza pete, akauza pikipiki ya marehemu. Dada yake akatoa bangili. Msikitini wakachanga. Siku ya tano alikuwa na elfu kumi na moja, na sauti ilikuwa imekauka kwa kuomba.

Mimi ndiye niliyemkumbusha zile teksi. Gazetini nilikuwa nimesoma kwamba teksi namba mia na kumi na mbili imeuzwa Ipoh kwa ringgit elfu nne. Nyingi ya zile mia tatu watoto walizichezea zikavunjika au zikapotea, na wakusanyaji wa magari hayo ya kuchezea waliamini hazikubaki hata mia. Tulizidisha elfu nne mara arobaini juu ya karatasi ya kufungia wali, tukapata elfu mia na sitini. Saodah aliitazama ile hesabu, akalaza uso juu ya meza akalia. Na wazo la kuzibeba zote kwa mara moja lilikuwa langu. Nalisema hapa kwa sababu yeye hajawahi kulisema.

Mkusanyaji mkubwa wa Ipoh alikuwa Yap Kim Seong, mzee mwenye duka la miwani, aliyejaza ukuta mzima wa sebule magari madogo nyuma ya vioo. Alitupokea kwa chai. Saodah alitoa teksi ya kwanza, na mzee akaigeuza chini ya taa, uso ukachanua kama wa mtoto. Akauliza nani aliyekuwa akipaka mapaa haya, na alipoambiwa ndiye huyu aliyekaa mbele yake, aliinuka akamshika mkono. Ndipo Saodah akafungua makopo yote mawili na kuzipanga mezani.

Ile furaha ilimtoka mzee huku namtazama. Alizihesabu kwa macho. Alikaa.

"Mama," alisema, "ungeniletea moja, ningekupa elfu nne sasa hivi bila kubishana. Umeniletea arobaini. Mimi mwenyewe ninazo kumi na moja kwenye ule ukuta, na tangu ulipofungua hayo makopo sijui tena zina bei gani."

"Si ni zilezile, Bwana Yap? Rangi ileile, mkono uleule."

"Ni zilezile, na namba mtu yeyote anaweza kuichonga, ndiyo balaa lenyewe. Watu hawanunui chuma na rangi. Wananunua ile kujua kwamba jirani hana."

Saodah akamweleza habari za Hazwan. Mzee aliinamisha kichwa, akasema atafikiri. Hakununua hata moja.

Kesho yake tulikwenda kwa mfanyabiashara mwingine tukiwa na teksi moja tu kwenye mkoba, tukijiona tumeerevuka. Kijana yule alikuwa akitabasamu hata kabla hatujakaa.

"Hii ni mmoja wa wale ndugu arobaini?" akauliza. "Mama, habari zilishaenea kwenye simu zetu tangu jana jioni. Mia mbili, kwa sababu nimekuheshimu. Wiki ijayo nitakupa hamsini, na wiki ya baadaye itakuwa ya watoto wangu kuchezea."

Saodah aliirudisha teksi mkobani. Nje mvua ilikuwa imeanza, na alitembea katikati yake bila kufungua mwavuli. Nilimwita, hakugeuka. Aliponiruhusu kumshika mkono aliniambia kwamba usiku uliopita wale watekaji walimpigia simu ili asikie mwanawe akipigwa, na kwamba Hazwan hakuwa akiita jina la Mungu wala la mama yake, alikuwa akisema tu, "Nitafanya, nitafanya."

Zilibaki siku nne Yap alipopiga simu. Alikuwa amezungumza na wenzake wawili wenye teksi nyingi. Wangechanga elfu ishirini na tano kwa zile arobaini, kwa sharti moja: zipondwe mbele yao, na wapige picha ya video waitume kwa wakusanyaji wote, ili ijulikane kwamba mia tatu zimebaki kuwa mia tatu.

Saodah aliuliza tu kama wanaweza kufikisha thelathini. Mzee akasema nyongeza ataitoa mwenyewe.

Tulikutana kwa muuza vyuma chakavu, asubuhi, penye mashine ya kubana makopo. Mmoja wa wale wenzake Yap, Koh, mtu wa maneno mengi, alimwambia muuza vyuma azimwage zote ndani kwa pamoja, muda ni mali. Saodah alikataa.

"Nilizipaka moja moja."

"Basi tutakaa hapa mpaka chakula cha mchana, mama?"

"Kaa. Leo unakaa kwa sababu yangu."

Koh akavuta kiti akakaa. Saodah alizitia mashinani moja baada ya nyingine, kila mara akipitisha kidole gumba juu ya paa kabla ya kuiachia. Chuma cha teksi zile kilikuwa laini. Hakikupiga kelele kubwa. Yap alishindwa kutazama, akatoka akasimama barabarani. Mwisho muuza vyuma alitoa kipande cha chuma kama tofali dogo, cheusi chenye michirizi ya njano, na Koh akakipiga picha pande zote.

Elfu arobaini na moja zilitumwa siku hiyohiyo. Wale watu walizipokea, wakasema ni nusu ya kwanza. Saodah aliwaambia hana kitu kingine duniani. Wakakata. Toka hapo namba ile haikuita tena.

Sitaki kueleza sana miezi iliyofuata. Alipika wali akasahau chumvi. Wateja walikula na kulipa. Kuna siku alinishika bega akaniuliza kama angeuza moja moja kwa siri, si mtoto angekuwa amerudi, nami nikamkumbusha kwamba siku zenyewe hazikuwepo.

Mwezi wa nne tangu pesa zitumwe, jeshi la kule mpakani lilivamia mahali pale. Hazwan alirudishwa na wenzake mia na kitu, kwa ndege ya serikali, amekonda, meno mawili hana. Si zile pesa zilizomtoa. Hilo Saodah alilielewa palepale uwanja wa ndege.

Wiki nzima Hazwan hakutoka nje. Alilala sakafuni, mgongo ukutani. Siku ya nane, mama yake akimchambulia samaki, aliuliza kama ni kweli alituma pesa. Saodah akasema alituma, zikapotea bure.

"Hazikupotea," Hazwan alisema. "Baada ya hapo hawakunigusa miezi miwili. Walidhani kwetu kuna kitu, wakanitunza. Rafiki yangu wa jimbo la Kedah, ambaye kwao hawakutuma, alikufa mwezi uleule pesa zako zilipofika."

Saodah aliendelea kutoa miiba kwenye samaki. Alimsogezea sahani, akamwambia ale kabla hajapoa.