Kila Neno na Mtu Wake

Noah Mwandawiro, karani wa mizigo katika stesheni ya Voi, alikuwa na ugonjwa wa maneno. Sisemi umbea, maana umbea tungemsamehe. Yeye alipenda maneno ya Kiingereza, tena si yale mepesi yanayomtosha kila karani. Alitaka makubwa, yale ambayo hata Mzungu wa reli akiyasikia angeuliza mara mbili.

Kamusi aliachiwa na stesheni masta mmoja Mgoa aliyestaafu mwaka wa hamsini na nne. Kitabu kizito, jalada limeliwa na mchwa, na kila neno limeandikiwa maana yake na kule lilikotoka. Hiyo asili ndiyo iliyompagawisha. Jioni moja alitoka mbio chumbani mwake Kaloleni, kifua wazi, akaenda kumgongea jirani yake Mbuvi, fundi wa mabehewa.

"Mbuvi! Unajua 'muscle', hii misuli ya mkono? Asili yake ni panya mdogo!"

"Panya?" Mbuvi akautazama mkono wake kwa mashaka. "Hawa Wazungu wana wazimu."

"Na 'tragedy', ule mchezo wa majonzi, asili yake ni wimbo wa mbuzi!"

"Noah, umekula wewe? Nenda ukale."

Lakini maneno magumu huteleza, jioni unayo, asubuhi huna. Basi Noah akabuni njia. Katika daftari aliandika neno, maana yake, asili yake, kisha akalitafutia neno hilo mtu wa nyumbani kwao, kwa sababu mtu unayemjua humsahau. "Obstreperous", mwenye makelele: shangazi Elsie. "Parsimonious", mkono wa birika: mjomba aliyekuwa akificha sukari wageni wakija. Utaniuliza, mbona hakuchagua maneno ya sifa? Mimi pia namuuliza hivyo hivyo. Yaliyomnogea ni ya kuuma, na kwao Ndara hakukuwa na mtu wa kusoma Kiingereza, basi hofu ya nini? Kwa miaka miwili akajaza daftari zima.

Mwezi wa nane, mwaka wa hamsini na sita, Noah alikuwa amuoe Priscilla, mwalimu wa shule, binti wa Mwatate. Mahari yalikwisha kutolewa, gauni lilikwisha kushonwa. Lilibaki jambo moja tu, nalo ndilo kubwa: baba yake, Mzee Danson, alikuwa hajatasa. Kwa watu wao, Wadawida, kinyongo cha baba, hata kisiposemwa, humfuata mwana mpaka kwenye nyumba yake mpya, kikawafikia mke na watoto. Kwa hiyo kabla ya harusi baba hupiga funda, akalirusha nje, pfuu! Kinyongo kikatoka nalo, ndipo akabariki; huko ndiko kutasa. Wazee wengine walitumia pombe ya miwa. Mzee Danson alikuwa amebatizwa, yeye angetumia maji.

Donald, baba yake Priscilla, alikuwa ameshaweka wazi msimamo wake. "Mimi ni mzee wa kanisa," alisema, "lakini binti yangu haingii nyumba ambayo baba hajatasa. Hilo msinibembeleze."

Basi Ijumaa alasiri, Donald na binti yake wakafika Ndara kushuhudia. Noah alikuwa ametanguliza sanduku lake la nguo, na dada yake Tryphena akalifungua ili apige pasi suti ya harusi. Chini ya suti akakuta daftari. Akampelekea baba.

Mzee Danson alijifunza kusoma misheni, Kidawida chake cha kanisani. Kiingereza hakukijua, lakini jina lake alilijua kwa herufi zozote. Noah aliposhuka kwenye lori na kuingia uani, alimkuta baba yake ameketi katikati ya wageni, daftari magotini, uso unang'aa kwa furaha.

"Mwanangu!" mzee akasema. "Nimehesabu. Jina langu limo mara kumi na moja! Donald, umesikia? Kijana kumwandika baba yake mara kumi na moja, tena kwa Kiingereza!"

"Baba, hilo ni la kazi tu. Nipe nikaliweke."

"La kazi, na jina langu limo? Acha haya zako, kaa chini. Priscilla, mwalimu wetu, hebu tusomee watu wasikie."

Priscilla akalipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akaanza kusoma na kutafsiri papo hapo. Alipofika kwa Elsie mwenye makelele, shangazi aliruka kitini.

"Mimi? Mimi na makelele?" akapiga ukelele uliowatimua kuku uani. Watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi.

"'Curmudgeon'," Priscilla akaendelea. "Mzee mkali asiyeridhika na lolote. Asili haijulikani, hata Waingereza wenyewe hawajui. Mtu: Danson."

Kicheko kikakatika. Lakini Mzee Danson akapiga paja lake.

"Mkali mimi? Ni kweli kabisa! Na huo ukali ulikotoka hata mimi sijui! Endelea, mama, endelea."

Noah akashusha pumzi. Kisha akaona Priscilla anafunua ukurasa, na akakumbuka kilichokuwa ukurasa ule. Aliinuka ghafla, kiti kikaanguka.

"Priscilla, inatosha!"

Loo, amechelewa. Macho ya mwalimu yalikuwa yameshapita kwenye mstari na ulimi unafuata. "'Pusillanimous'. Mwoga. Kutoka Kilatini, roho ndogo sana. Mtu: Danson, siku mto ulipomchukua Dinah."

Alilifunga daftari kwa kishindo, akajiziba mdomo. Shangazi Elsie alishika kichwa. Jina la Dinah halikuwa limetajwa katika boma lile kwa miaka ishirini. Alikuwa dada mkubwa wa Noah na Tryphena, mtoto wa miaka saba, aliyesombwa na mto Voi ulipofurika wakitoka sokoni na baba yao. Noah alikuwa wa miaka minne. Maisha yake yote alibeba picha moja: maji ya rangi ya udongo, kitambaa chekundu cha Dinah kinazunguka, na baba yake haruki. Hakuwahi kuuliza. Aliandika.

Mzee Danson hakufoka. Heri angefoka.

"Nani alikuambia habari hizi?"

"Hakuna, Baba. Niliona mwenyewe."

"Uliona nini?"

"Kitambaa chekundu. Kilizunguka, kikazama. Nakumbuka vizuri."

"Ulikiona ukiwa umesimama wapi?"

Noah akaitafuta tena ile picha yake. Kitambaa alikiona kutoka juu. Aliona utosi wa watu wazima waliokusanyika ukingoni. Na chini ya kidevu chake kulikuwa na kola ya shati la kaki, imelowa, na mkono uliokuwa umeubana mguu wake mpaka unauma.

"Mungu wangu," akasema.

"Mlikuwa wawili," mzee akasema. "Wewe mgongoni, yeye mkononi. Mkono ukateleza. Niruke nawe, mfe wote? Nikuweke chini, na ukingo wenyewe unamegeka? Nilikuwa bado nachagua alipopita."

Noah akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya ofisini. "Nisamehe, Baba. Nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

Donald akakohoa kidogo. Naye alikuwa ametikiswa, lakini alitaka jambo liishe kwa heri. "Basi, Mzee, utase. Tuyamalize."

Tryphena akaleta kibuyu cha maji. Mzee Danson akasimama, akapiga funda kubwa, mashavu yakajaa. Wote wakainamisha vichwa. Noah akafumba macho, akangoja matone yamguse usoni.

Akangoja. Akasikia shangazi Elsie anavuta kamasi. Akangoja tena, mwisho akainua uso. Baba yake alikuwa anamtazama, machozi yanamtiririka, mashavu yanatetemeka kwa kujitahidi. Na alijitahidi, wallahi kila mtu aliona. Kisha koo lake likapanda, likashuka. Alikuwa ameyameza.

"Nimesema nimekusamehe, na nataka iwe kweli," mzee akasema. "Lakini haya maji hayatoki. Bado, mwanangu."

Hakuna aliyethubutu kumwomba ajaribu tena. Donald akachukua kofia yake. Priscilla akaliweka daftari juu ya kiti, taratibu, akamfuata baba yake.