Pembe Tatu Nyekundu

Mpaka leo nikipita ile barabara ya ufukweni nageuza uso upande wa pili, najifanya nasoma ujumbe kwenye simu, maana walinzi wa ile hoteli wananijua na wakiniona tu wanakonyezana. Aibu ingekuwa ugonjwa, mimi ningekuwa wodini hadi sasa. Basi bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, kwa sababu watu wa mtaani kwetu Pasiansi wakisimulia kitu wanakiongezea chumvi (kuna wanaosema nilikuwa uchi, uongo mtupu, nilivaa gauni langu zuri la kitenge nililoshonea harusi ya binamu yangu).

Iko hivi. Mdogo wangu Makoye alikuwa anasomea ualimu kwenye chuo cha Butimba, akafika mwaka wa mwisho, akaacha. Akaja kukaa kwangu na mashine ya kuchomelea, akaanza kutengeneza sanamu za chuma. Sasa mkisikia sanamu msifikirie simba, wala mama aliyebeba mtungi. Za Makoye ni maumbo matupu, duara hapa, mraba pale, nguzo imeinama kidogo kama inataka kukuambia siri, halafu rangi kali kali, basi imekwisha. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Kichwa kiko wapi?" Akanijibu, "Dada, usitafute kichwa. Iangalie tu, usikilize inakufanya nini moyoni." Nikaangalia. Moyo wangu ukanikumbusha kwamba sijabandika maharage. Makoye akacheka, akasema, "Dada, wewe huelewi, acha tu."

Hiyo "huelewi" iliniuma jamani! Mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda leo ananiambia sielewi.

Baba ndiye hakutaka hata kusikia habari za sanamu. Baba yetu ni mtu wa ng'ombe, yuko kijijini, na kwake kijana aliyeacha ualimu ili apake vyuma rangi ni kijana wa kuombewa. Ila kuna Bi Zuhura, mama mmoja mfanyabiashara mwenye hoteli ndogo pale ziwani, alizipenda kazi za Makoye, akamwambia amtengenezee moja kubwa ya kusimama bustanini, na siku ya kuizindua akaandaa shughuli kabisa, na viti, na maturubai, na mshereheshaji. Baba akasema atakuja. "Nitaiangalia kwa macho yangu," alisema, "na nikiona ni upuuzi, Jumatatu unarudi Butimba kuwaomba radhi wakupokee." Makoye akaitikia. Angesema nini, si baba?

Siku yenyewe ikafika, Makoye akatangulia na gari lililobeba vyuma vyake. Mimi nikabaki nyumbani nafumua nywele (nilikuwa nimefumua upande mmoja tu, kumbukeni hilo), mara simu inaita, ni Makoye, upepo unavuma, watu wanapiga kelele nyuma yake. "Dada! Nimesahau! Niletee pembe tatu nyekundu! Nyuma ya nyumba, karibu na tangi! Bila hiyo kazi yangu yote bure, Dada, wahi, wageni wanaanza ku..." Ikakatika.

Nikaenda nyuma ya nyumba. Karibu na tangi kulikuwa na takataka zake zote, ringi za baiskeli, springi, kiroba cha pembe za ng'ombe alizookota buchani sijui kwa kazi gani, na lile bati zito jekundu ambalo tangu asubuhi nilikuwa nimeanikia dagaa (chuma kikipata jua dagaa wanakauka vizuri, tena hawaingii mchanga). Nikafungua kiroba. Pembe zimo, ila hakuna nyekundu hata moja, zote zina rangi ileile aliyoziumbia Mungu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angepiga simu. Mimi nikasema nikipiga ataniambia sielewi, na leo, mbele ya baba, lazima nielewe. Msanii amesahau kuzipaka, nitampakia. Nikachagua pembe tatu nzuri zinazolingana, nikatafuta kopo lake la rangi nyekundu ya mafuta, nikazipaka kwa upendo kabisa, nikazitia kwenye mfuko, nikafunga kilemba kuficha zile nywele, nikaita bajaji.

Nafika, baba ameshakaa kiti cha mbele, na koti lake la sikukuu na fimbo yake katikati ya magoti. "Shikamoo baba." "Marahaba. Umebeba nini?" "Kazi ya Makoye, baba," nikajibu kwa maringo. Sanamu yenyewe ilikuwa imefunikwa shuka kubwa jeupe. Makoye alikuwa ameshikwa mkono na Bi Zuhura anatambulishwa kwa wageni, akaniona kwa mbali, akauona na mfuko, uso ukamng'aa. Akanionyesha kidole kuelekea juu. "Juu kabisa, Dada! Kwenye ule mkato!"

Nikapiga magoti, nikajipenyeza chini ya shuka. Ndani kulikuwa na kigoda, nikapanda. Nikaupata mkato juu ya ile nguzo, mwembamba, pembe haziingii hata kwa dawa. Nikageuza hivi, nikageuza vile, wapi. Nikavua kilemba nikazifungia nacho. Mbili zikashika, ya tatu inateleza, na ile rangi kumbe haijakauka, inanichuruzika mikononi mpaka kwenye viwiko, na nyingine inadondokea duara la bluu lililo chini ya nguzo. Huko nje namsikia mshereheshaji, "Mabibi na mabwana, tuhesabu wote kwa pamoja!" Nikapiga kelele, "Bado!" Nani anasikia? Muziki umefunguliwa, watu wanahesabu, shuka likavutwa.

Jamani. Nimesimama juu ya kigoda, nywele upande mmoja zimesukwa na upande mwingine zimesimama wima, mikono myekundu mpaka viwikoni, pembe mbili juu ya nguzo na ya tatu nimeishika juu ya kichwa changu. Na mnajua kwetu huku mtu mwenye pembe na rangi nyekundu ni nani. Kisha nyuma huko mama mmoja akamlilia mama yake kwa Kisukuma, "Mayu wane! Mganga!" Viti vikaanza kurudi nyuma. Bi Zuhura anasema "Astaghfirullah", mama wa kwaya anakemea kwa jina la Yesu, mshereheshaji amekiacha kipaza sauti kwenye nyasi kikiwa kimewashwa amejisogeza nyuma ya keki. Mimi nikaona lazima niseme neno la kuwatuliza watu. Nikasema, "Karibuni sana."

Ndiyo nikamaliza kabisa. Mstari wa tatu wote ulisimama.

Makoye akaja mbio. "Dada, hizi ni nini?"

"Si pembe tatu nyekundu! Hesabu mwenyewe!"

"Pembetatu!" Akajishika kichwa. "Pembetatu, Dada! Umbo! Lenye pande tatu! Chuma, chekundu, kipo pale kwenye tangi!"

"Mungu wangu," nikasema, "lile bati la dagaa?"

Na kipaza sauti, nimeshawaambia kilikuwa kimewashwa. Kicheko kilianzia kwa wapishi kikaja mpaka mbele, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini Makoye hakucheka. Alikuwa anamtazama baba, na baba alikuwa ameshasimama, fimbo mkononi. Hapo ndipo aibu yangu mwenyewe niliisahau, roho ikaniuma kwa ajili ya huyu mtoto. Nikashuka kwenye kigoda nikamfuata baba na mikono yangu hiyo. "Baba, kaa kidogo. Kosa ni langu, yeye hajakosea kitu. Hujaiona bado."

Baba akanitazama nywele, akanitazama mikono. "Nakaa," akasema. "Ila usiniguse, koti hili ni jeupe."

Nikampigia simu jirani yangu, akawapukuta dagaa, akaipakia pembetatu kwenye bodaboda. Ilipofika ilikuwa inanuka ziwa zima. Makoye akafuta matone yangu, akaipachika juu, ikaingia kwenye mkato mara moja. Na mimi kwa mara ya kwanza nikaacha kutafuta kichwa. Ile nyekundu ilikaa pale juu imeliinamia duara la bluu, kama mtu anayechungulia ndani ya nyumba kuona kama watoto wamelala, na nyuma yake ziwa limetulia. Hata watu walikuwa wameacha kucheka.

Baba akainuka, akaizunguka taratibu. Akasimama. "Iondoe hiyo nyekundu."

"Baba?"

"Iondoe."

Makoye akaiondoa. Baba akatazama muda mrefu. "Haya, irudishe." Ikarudi.

"Hiyo rangi," baba akasema polepole, "ikitoka, hapa panakuwa kama pale nyumbani alipoondoka mama yenu. Kila kitu kipo, lakini hakuna mtu." Akajikohoza. "Ile mashine yako umeiacha wapi? Usije ukaibiwa, utafanyia kazi nini?"

Makoye akalia pale pale mbele za watu, na mimi nikalia, nikajifuta machozi kwa mikono myekundu, kwa hiyo picha zote za siku ile mimi ndiye wa kutisha. Bi Zuhura alinisamehe, ila aliniomba kwa heshima zote nikae mbali na bustani.

Tangu siku hiyo nimeapa, nikitumwa kitu nauliza mpaka mtu achoke. Ukinituma chumvi nitakuuliza ya mawe au ya unga, na ukikasirika shauri yako. Juzi Makoye kapiga simu, "Dada, niletee mraba wa njano." Nikamwambia ngoja kwanza, nieleze ukoje. Akasema, "Ni wa kawaida tu Dada, una pembe nne."

Nikamwambia njoo uubebe mwenyewe.