Kinyozi Aliyeaga Jukwaa

Wewe, ulishawahi kuwaaga watu kwa machozi, ukakumbatiana nao mmoja mmoja, kisha kesho yake ukagongana nao kwenye foleni ya mkate? Kama hujawahi, usimcheke Honi. Yeye anakutana nao kila siku, tena wamekaa kwenye kiti chake, wembe uko shingoni mwao, na bado hawamwogopi.

Honi ni kinyozi. Duka lake lina viti viwili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na feni inayopeperusha nywele kuliko inavyoleta hewa. Kwa watoto wa mtaa yeye ni mzee wa mashine. Kwa kila mwenye mvi kidogo mjini, yeye ni mwimbaji wa Mabua, bendi ya roki iliyopewa jina na maadui zake. Walipoanza, wajuaji walisema roki kwetu ni moto wa mabua, utawaka na kuzimika kabla maji hayajachemka. Vijana wale wanne wakaichukua ile dharau, wakaiandika kwenye ngoma kubwa kwa rangi nyekundu, wakawaka mpaka wajuaji wenyewe wakazeeka.

Wimbo uliowabeba unaitwa "Nani Kazima Taa." Katikati ya wimbo vyombo vyote vinanyamaza, na mwimbaji peke yake anaivuta ile "taa" kwenda juu, juu, kama lori linaloomba njia mlimani. Ndiyo iliyompa jina la Honi.

Mwaka jana, mwisho wa onyesho kwenye ukumbi wa mjini, Honi alishika maiki na kusema jambo ambalo halikuwa limepangwa. "Tumezeeka vizuri, tuondoke vizuri. Huu ndio mwisho wa Mabua. Tunawaachia vijana. Mkiniona tena juu hapa, nipigeni mawe." Ukumbi ulilia. Nyuma yake vijiti vilianguka sakafuni, kwa sababu mpiga ngoma naye ndiyo kwanza alikuwa anasikia.

Watu walisema ile ni busara. Ulikuwa woga.

Kwa miaka mingi Honi alikuwa na siri. Mchana wa joto, wateja wakikatika, alifunga mlango, akawasha mashine ya kunyolea ili majirani wasisikie, akaweka kaseti ya kwanza ya Mabua kwenye redio kuukuu na kuimba nayo. Ikifika "taa", sauti yake ilipanda vizuri, ikakaribia kileleni, ikakatika kama kuku aliyekanyagwa. Kila mara. Lakini jukwaani ilifika. Kwa shida, mishipa imesimama, ila ilifika. Hakuelewa. Akaamini ni bahati, na bahati, alijiambia, haina mkataba. Siku moja itamwacha mbele ya watu. Afadhali aondoke yeye kabla haijaondoka.

Na sisi tukampigia makofi. Huo ndio ugonjwa wetu. Seremala akizeeka hatumwambii aweke randa chini awaachie vijana. Tunampelekea kitanda kibovu atengeneze. Lakini mwanamuziki akiota mvi tunataka aombe radhi kwa kuwa bado yupo, na akiaga tunamsifu kuliko tulivyomsifu akifanya kazi. Vijana wenyewe, kama mtu angewauliza, hawakuwa wameomba kuachiwa kitu.

Dukani, sifa ziligeuka utani upesi.

"Mstaafu, nipunguzie pembeni."

"Mstaafu gani? Huyu anafanya kazi kuliko mimi," atasema anayesubiri zamu. "Hivi mzee, mtu akistaafu kupiga kelele, anapewa kiinua mgongo?"

"Anapewa vichwa vigumu kama chako," Honi atajibu. "Kaa usubiri."

Alicheka nao. Kisha akirudi nyumbani anakaa kwenye kiti bila kuvua viatu, na mkewe anajua asimsemeshe.

Alasiri moja waliingia watatu kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa Waya, mpiga gitaa, fundi redio, mwembamba hata shati linamvaa badala ya yeye kulivaa. Wa pili ni mpiga besi, fundi bomba, ambaye pia ni kaka wa mke wa Honi, kwa hiyo wanaitana shemeji na kutukanana kwa haki zote. Wa tatu ni Kishindo, mpiga ngoma, mwanamke mwenye karakana ya kutengeneza makochi. Tangu ule usiku wa kuaga, wateja wake walikuwa wanalalamika kwamba anagonga misumari kama mtu anayemwadhibu mtu.

Shemeji alikaa kwenye kiti na kuvua kofia. "Ninyoe, shemeji."

"Ninyoe nini? Hicho kichwa ni kiwanja cha ndege."

"Basi kipanguse. Tumekuja kwa amani."

Waya akaeleza. Kulikuwa na mtu anayepanga ziara ya miji mingi, na alikuwa anaitaka Mabua. Wangeanzia hapahapa, ukumbi uleule. Jibu lilitakiwa kabla wiki haijaisha, la sivyo atachukua bendi nyingine, na mwaliko kama huo hauji mara mbili kwa watu wa umri wao.

"Nilisema nipigwe mawe," alisema Honi.

"Watu wanasahau."

"Hawasahau. Wanakuja kunikumbusha hapa, kichwa kikiwa mikononi mwangu."

Kishindo alikuwa bado amesimama mlangoni. "Wewe ulitustaafisha sote kwa mdomo mmoja," alisema taratibu. "Mimi habari za kustaafu kwangu nilizisikia nimeshika vijiti, pamoja na watu waliokuja kututazama. Hata mwenye nyumba akitaka kunitoa hunipa taarifa."

"Sasa unataka nilambe matapishi yangu?"

"Nataka uniulize. Mara hii, uniulize."

Honi alichukua ufagio akafagia mahali pasipokuwa na nywele. "Nitafikiri," alisema.

"Usifikiri peke yako. Mara ya mwisho ulifikiri peke yako."

Nyumbani mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani. Yeye ndiye mtu pekee aliyeijua siri ya kaseti, na hata yeye aliambiwa baada ya maji kumwagika. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akiviringisha soksi.

"Waambie," alisema.

"Niwaambie nini? Kwamba mwimbaji wao hana sauti?"

"Hivyohivyo. Kaka yangu amekaa mwaka mzima anadhani humtaki. Umewaacha watu waamini una kiburi, kwa kuogopa wasijue una koo lililochoka." Akamwekea rundo la mashati mapajani. "Haya, shikilia. Na kesho nenda."

Kesho yake alikwenda. Karakana ya Waya ina redio zilizofunguliwa matumbo ukutani kote, na nyuma kuna chumba walichozoea kufanyia mazoezi. Wote watatu walikuwepo. Gitaa limeshachomekwa, kwa matumaini au kwa ukaidi. Honi hakukaa. Alijua akikaa atazungumzia hali ya hewa.

"Siifikii ile taa," alisema. "Sikuondoka kwa busara. Niliondoka kwa sababu siifikii. Naimba na kaseti ya kwanza, inanikatikia njiani, miaka mingi sasa. Jukwaani ilikuwa inaniokoa bahati tu. Mkipanda na mimi mtaaibika. Tafuteni mwimbaji mwingine, mimi nitakuja kuwapigia makofi."

Waya alimtazama Kishindo. Kishindo alimtazama shemeji. Shemeji alijifunika uso kwa kofia, mabega yakaanza kutikisika, na Honi akadhani analia.

"Na kaseti?" aliuliza Waya. "Kwa nini uimbe na kaseti?"

"Sasa niimbe na nini, na feni?"

Waya aliitia kaseti ya zamani kwenye redio moja mezani, ukasikika mwanzo wa "Nani Kazima Taa." Akauzima, akachukua gitaa lake na kuupiga mwanzo uleule. Wimbo ni mmoja, lakini kama watu wawili wanaotembea pamoja, mmoja juu ya barabara, mwingine ndani ya mtaro.

Honi alikunja uso. "Gitaa lako limekosea."

"Halijakosea. Limeshuka." Waya aligusa vifungo vya kichwa cha gitaa kama mtu anayekiri. "Unakumbuka ile safari uliyoshikwa na mafua? Tulilegeza nyuzi kidogo, zote sawasawa, ili wimbo mzima ushuke, wewe usiumie koo. Ilikuwa iwe onyesho moja tu. Ukatoka jukwaani una furaha, unasema leo koo limefunguka. Nani angekuwa na moyo wa kukwambia? Tukaziacha vilevile. Miaka ikapita, tukalegeza tena. Na tena."

"Zile nyuzi nene uliziweka..."

"Nyembamba zikilegea sana zinapiga kama kamba ya kuanikia nguo. Nilikudanganya kwamba nene hazikatiki."

"Na wewe, shemeji, ulijua?"

"Besi nayo ilishuka," alisema shemeji nyuma ya kofia. "Ningebaki juu na nani?"

Honi alihisi masikio yanawaka. "Mmenifanya mtoto mdogo."

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," alisema shemeji.

"Kwa hiyo mimi ndiye maiti."

"Ulijizika mwenyewe, shemeji. Sisi tulikuwa tunakuosha tu."

Kishindo hakucheka. "Sikilizeni ujinga wetu," alisema. "Sisi tulimficha asiumie. Yeye akatuficha asiaibike. Tungesema neno moja, mmoja wetu yeyote, tusingekaa mwaka mzima bila bendi. Mimi nimegonga makochi mpaka mteja ameniuliza nimegombana na nani."

Honi alikaa juu ya spika. Alikuwa amejiandaa kwa hasira yao, kwa huruma yao, hata kwa kufukuzwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Miaka yote ile alikuwa akishindana na kijana wa kwenye kaseti, kijana asiye na mke, asiye na deni la usingizi, aliyekuwa anavuta sigara za kuomba na kulala sakafuni. Alishindwa naye kila mchana na kujihukumu kwa ajili yake. Na kumbe jukwaani haikuwa bahati. Walikuwa marafiki watatu waliokuwa wakimletea ile sauti chini kidogo kidogo, kama mtu anayemshushia mzee kitu kabatini bila kusema ni kwa sababu hafikii.

Kitu kilimtoka mabegani. Alianza kucheka, akacheka mpaka akatafuta leso, na mara hii shemeji akavua kofia usoni, wakatazamana, wakaanza upya.

"Waya," alisema alipoweza kusema. "Unaweza kulegeza tena kidogo?"

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kuimba bila kuomba dua."

Waya alizungusha vifungo kimoja kimoja, na shemeji akafanya vivyo hivyo kwenye besi. Kabla hawajaanza, Honi alimgeukia Kishindo. "Nakuuliza. Turudi?"

Kishindo alimwacha asubiri. Alirekebisha kiti chake, akapangusa kijiti kimoja kwenye suruali, kisha kingine. "Nitafikiri," alisema, akagonga vijiti kuanzisha wimbo.

Usiku wa kwanza wa ziara ukumbi uleule ulijaa mpaka kwenye ngazi, na Honi alipanda jukwaani. Sauti ilikuwepo sasa, alijua. Lakini neno lake la mawe lilikuwa palepale alipoliacha. Alisogelea maiki na kuamua kulisema mwenyewe kabla hajasemewa.

"Mwaka jana niliwaambia mkiniona hapa mnipige mawe."

Kisha kutoka viti vya katikati sauti ya mama mtu mzima ikasema, bila haraka, "Imba kwanza. Mawe tunayo."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko ngoma ya Kishindo. Honi alikisikia kikipanda jukwaani na kumzunguka, na hapo akajua kwamba hukumu aliyoiogopa mwaka mzima hakuna aliyekuwa ameiandika ila yeye. Watu walikuwa na hamu nao, basi. Walipofika katikati ya wimbo na vyombo vikanyamaza, aliivuta "taa" ikaenda juu bila mishipa, bila kufumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu ujana alipata nafasi ya kuwaona watu wakiwa wameinua nyuso. Pembeni yake Waya alikuwa anatabasamu akitazama nyuzi zake.

Asubuhi iliyofuata Honi alikwenda kufungua duka, kwa kuwa ziara ilikuwa iendelee miji mingine baada ya siku kadhaa na vichwa havisubiri. Ng'ambo ya barabara panajengwa nyumba. Fundi alikuwa juu ya ukuta na mwiko mkononi, na saidia fundi chini akivuta ndoo ya zege kwa kamba. Walikuwa wanabishana.

"Ile ilikuwa kanda," alisema wa chini. "Mtu wa umri ule hapandi pale."

"Nilikuwa mbele. Niliona mate yanamtoka. Kanda inatema mate?"

"Siku hizi mitambo inafanya kila kitu."

"Mtambo gani? Mbona hata mimi napanda." Fundi akaweka mwiko juu ya tofali, akashika kiuno, akaivuta "taa." Ilipanda vizuri, ikafika mahali, ikavunjika vipande vipande, na saidia fundi akacheka mpaka kamba ikamponyoka. Ndoo ilishuka na kumwaga zege lote mchangani.

Msimamizi akatoka kwenye kibanda chake na kuuliza ni nani aliyekuwa anapiga kelele. Aliitazama ndoo, akamtazama fundi, akatikisa kichwa. Kisha Honi, funguo bado mkononi, akamwona anakunja mikono ya shati, anajaza ndoo upya kwa koleo, na kuishika kamba yeye mwenyewe bila kumlaumu mtu, kama Waya na nyuzi zake, na ndoo ikaanza kupanda.