Barua ya Salamu Kumi na Moja

Nilijifunza kusoma nikiwa mama wa watoto watano, na aliyenifundisha alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa mwenyewe kama ningeanza mapema kidogo.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu Sori, Mkuria kutoka upande wa mpakani, mwembamba, mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe zizini. Dholuo hakukijua zaidi ya salamu, na sisi Kikuria hatukukijua hata salamu, basi tukakutana katika Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, wauza samaki. Kila siku saa kumi, watoto wa shule wakishaachiliwa, alishuka ufuoni na chaki mfukoni. Nasi tulisukuma makarai ya omena, dagaa wetu wa ziwani, kando, tukaketi mchangani mbele ya mtumbwi mbovu uliolazwa ubavu. Ubavu ule tulikuwa tumeupaka lami, ndio ukawa ubao wetu. Mvua ikinyesha somo lilifutika lenyewe, na tulimshukuru Mungu, hasa siku za imla.

Wanaume walitucheka. Walituita ngumbaru, wakaulizana kama siku hizi samaki wanauzwa kwa alfabeti. Mimi sina subira na watu wa kucheka. Mmoja aliyekuwa akishona wavu aliponiuliza nikijua kusoma nitafanya nini, nilimjibu kwamba kitu cha kwanza nitakachosoma ni vile vikaratasi anavyompelekea mjane wa pale juu. Hakuuliza tena. Kesho yake alihama na wavu wake, akaenda kuushonea upande wa pili wa ufuo.

Katika hao kumi na mmoja alikuwamo mke mwenzangu. Kwetu anaitwa nyieka, neno linaloishi jirani kabisa na wivu katika lugha yetu, na walioliweka hapo walijua walichokuwa wakifanya. Tulikuwa na boma moja, mume mmoja aliyeshinda ziwani, na miaka mitatu bila kusemezana. Chanzo kilikuwa kuku. Sitaki kukieleza, kwa sababu hata leo najua nilikuwa na haki. Likitokea jambo la lazima, yeye alimwambia mbuzi nami nikiwa karibu, nami nilimjibu mbuzi. Mbuzi yule alijua siri za nyumba ile kuliko mume wetu. Nilipoanza darasa Jumatatu, Jumanne nilimkuta keshaketi upande wa pili, mguu juu ya mguu, na daftari jipya kuliko langu.

Tulisoma hivyo karibu miaka miwili, na raha yake siwezi kuimaliza. Tulisoma magunia ya unga, tukasoma pakiti za sabuni, tukasoma majina ya mitumbwi yote na kugundua kwamba mmoja tuliokuwa tukiuita kwa heshima miaka yote ulikuwa umeandikwa matusi. Nilikuwa nikitembea njiani nikisoma kila kitu kwa sauti mpaka watoto wangu wakaona haya kutembea nami.

Kisha mwalimu mkuu wa shule ile akatutibua. Alisema msichana wake anamaliza chaki ya serikali kwa wanawake wanaonuka samaki, na kwamba amekwisha kuomba ahamishwe, arudishwe huko kwao. Mwalimu alituletea habari hiyo akijaribu kutabasamu. Alisema barua ya uhamisho ikifika itabidi aende, na tusilie. Hatukulia. Mimi nilitukana, na waliobaki walinisaidia.

Wiki hiyo hiyo nilipita kwa ofisi ya chifu, na kwa ile tabia yangu ya kusoma kila kitu nikasoma ubao wa matangazo. Ilikuwa imeandikwa kwamba kutakuwa na Siku ya Kisomo Homa Bay, ya wilaya zetu mbili, na kwamba walimu wanaowafundisha watu kusoma huko mitaani watatambuliwa. Atakayetambuliwa atapewa cheti na kibali cha kuendelea na darasa lake pale pale alipo. Majina yatumwe pamoja na barua kutoka kwa wanafunzi wenyewe. Nilisoma mara mbili, kisha nikakimbia mpaka ufuoni. Mwanamke wa umri wangu, mwenye mwili wangu, akikimbia! Watu walidhani kuna aliyezama.

Tulikubaliana kuandika, tena mwalimu asijue. Shida ilikuwa nani ashike kalamu. Hakuna aliyemwamini mwenzake amwandikie lake, kwa hiyo ikaamuliwa kila mtu aandike karatasi yake mwenyewe, na asiyehusika asiisome. Tuliandika siku tatu ndani ya banda la kukaushia samaki, macho yakitutoka machozi ya moshi. Nami nikapewa kazi ya kukusanya na kuzishona pamoja kwa uzi wa nyavu. Nyieka aliniletea yake imekunjwa mara nne na kugandishwa kwa ugali. Niliiinua juani kidogo. Ugali wake ulikuwa mzito, sikuona kitu.

Kile ambacho hatukufikiria ni hiki. Barua tuliyofundishwa na mwalimu ilianza kwa salamu, na kwetu sisi barua isiyo na salamu ni ya polisi. Basi kila mmoja katika karatasi yake alimsalimu afisa upya, mwanzo mpaka mwisho. Tulimpa dereva wa lori la samaki mzigo ule, tukangoja. Baada ya wiki mbili tukajibiwa: njooni, na mwalimu wenu aje.

Siku hiyo tulipanda lori lile lile, juu ya magunia ya omena, tumevaa nguo za kanisani. Nusu yetu ni Waadventista, nusu Wakatoliki, na tuliimba nyimbo za pande zote mbili mpaka Rodi Kopany, ambako sauti zilikatika tukanunua ndizi. Mwalimu aliketi katikati yetu hajui hili wala lile, akidhani amealikwa kutazama tu. Tulipoingia ukumbini Homa Bay, watu wa mistari ya mbele waligeuka, kisha wakafungua madirisha.

Afisa alikuwa mzee mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Aliwaita walimu wengine, akawapa vyeti, tukapiga makofi. Halafu akainua furushi letu lililoshonwa kwa uzi wa nyavu.

"Hawa wamama wa Sori," alisema, "wamenisalimia mara kumi na moja. Mara kumi na moja wameniambia wao ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwangu mimi niliye mbali na upeo wa macho yao. Mimi nilienda hospitali kupimwa presha."

Ukumbi ulicheka, nasi tukacheka tukipigana mabega. Lakini yeye aliacha kucheka kabla yetu.

"Sasa kuna neno limenifikia," akasema. "Nimeambiwa hii barua mwalimu ndiye aliandika, akajisifu mwenyewe. Kama ni hivyo, hii si cheti tena. Hii ni kesi."

Nilimtazama mwalimu. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Ndiyo kwanza anasikia kwamba kuna barua, na papo hapo anasikia kwamba ameighushi. Upande wa walimu wakuu, wetu alikuwa akitazama viatu vyake kwa makini sana. Damu ilinipanda. Nikasimama kabla sijajua nimesimama.

"Tuliandika sisi wenyewe!" nilisema. "Lete nisome."

Afisa akanipa furushi. Ya kwanza ilikuwa yangu, kwa kuwa mshonaji hujiweka mbele. Niliisoma kwa madaha, nikitazama watu zaidi ya karatasi. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Mama," afisa alisema kwa upole, "hii umekariri."

Alichukua furushi, akalipekua, akakomea kwenye karatasi moja ya katikati. "Soma hii."

Nilipoona mikunjo minne na alama ya ugali, nilijua ni ya nyieka. Lakini mwalimu alikuwa amenikazia macho, na sikuwa na la kufanya ila kushika karatasi kwa mikono miwili na kuanza.

"Kwako Bwana Afisa, salamu nyingi sana. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Bwana Afisa, mimi sikuenda kusoma kwa sababu ya kupenda. Nilienda kwa sababu mke mwenzangu alienda, na sikutaka ajue kitu mimi sijui. Huyu mke mwenzangu ana mdomo mpana kama wa samaki mbuta—"

Nikasimama. "Mdomo wangu hauko hivyo!" nikapiga kelele.

Ukumbi mzima ulilipuka. Kuna mwanamume alianguka kutoka kwenye benchi, nilimwona kwa macho yangu. Kutoka nyuma ikaja sauti ambayo haikuwa imenisemesha kwa karibu miaka mitano:

"Soma! Usiruke!"

"Siruki!" nikamjibu, na nikasoma, sasa kwa hasira, kila neno nikilitafuna. Ilisema mimi ni mchoyo wa chumvi. Ilisema nikiimba kanisani Mungu mwenyewe husogea. Afisa alikuwa akijifuta macho kwa tai. Watu walikuwa wakiniomba nirudie. Kisha nikageuza ukurasa.

"Lakini mwaka jana mtoto wangu wa mwisho alishikwa na tumbo. Mimi nilikuwa Rodi nauza. Shangazi wa watoto akachukua chupa kwa nyumba yangu, akaweka dawa kwa kijiko. Mke mwenzangu akaingia, akanyang'anya chupa, akasoma. Ilikuwa dawa ya kupe ya mbuzi. Akamwaga. Hakuniambia, kwa sababu hatuongei. Mtoto ndiye aliniambia. Mimi pia sikusema asante, kwa sababu hatuongei."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Niliendelea, kidole changu kikifuata mstari.

"Bwana Afisa, mwalimu huyu akiondoka, nani atafundisha wengine kusoma chupa? Usimwondoe. Na hii nyingine nakuambia wewe kwa sababu uko mbali. Huyu mke mwenzangu, kila siku nikimwona mtoto wangu anakula, namshukuru. Tafadhali usimwambie."

Nilibaki nimesimama na karatasi. Mimi mwenye mdomo wa mbuta, nilimrudishia afisa furushi lake. Afisa alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Hakuna mtu anaweza kukariri hii," alisema. "Mwalimu, njoo."

Alikuja akilia na kucheka, hajui aanze na lipi. Akapewa cheti, na pamoja nacho kibali chenye muhuri, kwamba darasa la ufuoni Sori litaendelea, na yeye pamoja nalo, na chaki itoke shuleni. Tulipiga vigelegele mpaka askari wa mlangoni akaja kuchungulia. Tulimbeba. Mwembamba vile, tulimbeba kama karai tupu, tukamzungusha ukumbi mara mbili, cheti kikipepea, na ofisi nzima ya elimu ikanuka omena.

Nje, wenzangu walipokuwa bado wakicheza na mwalimu kwenye nyasi, nilimwona nyieka amesimama peke yake kando ya ukuta, akijifanya anakaza kitambaa cha kichwa. Nilimwendea.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambiaje? Si tulikuwa hatuongei."

Nilitaka kucheka, badala yake machozi yakatoka. Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wetu. Siku ile nilikuwa najua herufi kwa miezi michache tu. Nilikuwa nasoma polepole sana, na kijiko kilikuwa tayari mdomoni mwa mtoto nilipokidaka. Kisha nikasoma neno lile moja mara tatu, nikiwa sijaamini macho yangu, nikimwomba Mungu niwe sijakosea, na niwe sijachelewa.

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa na magamba ya samaki, kama wangu.

"Najua," alisema. "Mtoto aliniambia ulikuwa unatetemeka na unasema kwa sauti, su, mu, su, mu, kama uko darasani."