Roboti Uvunguni mwa Kitanda cha Mama

Mama alipopata kiharusi nilikuwa na roboti thelathini na saba. Dada yangu alinipigia simu kutoka Malindi akaniambia mama ametoka hospitali, mkono wa kulia hauna nguvu, na itabidi aje kukaa kwangu Kilifi ili awe karibu na kliniki ya mazoezi. Nikajibu, "Alhamdulillahi, aje," na papo hapo nikageuka kulitazama kabati la kioo pale sebuleni. Mpaka leo naona haya kulisema hilo.

Roboti zenyewe ni za katuni za Kijapani, zile za vita, ambazo rubani huketi ndani ya kifua cha roboti. Kila moja ina urefu wa shubiri, na viungo vyake vyote hukunjika: bega, kiwiko, kiuno, goti, hata vidole. Waweza kuipigisha goti, ukaipa upanga, ukaiinamisha shingo kidogo, nayo ikaonekana kama mtu aliyechoka. Nilizipenda tangu darasa la tano, tulipokuwa tukikodi CD za katuni kwenye kiduka nyuma ya soko la Malindi. Nilipopata kazi katika duka la dawa Kilifi, niliagiza ya kwanza, nyekundu. Ilipofika nikashinda nayo sakafuni Jumapili nzima, naikunja na kuikunjua.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, sijaolewa, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuziona. Wakija wageni nililifunika kabati kwa leso nikasema kioo kimevunjika. Mama amesomesha watoto Kurani miaka mingi. Nyumbani kwetu hapakutundikwa hata picha ya harusi. Tulikua tukijua kwamba nyumba yenye sanamu, malaika wa rehema hawaingii. Maneno hayo yalikuwa yakinijia mara kwa mara, nami nikiwa peke yangu nilijua namna ya kuyapuuza. Sasa alikuwa anakuja mgonjwa.

Nilikuwa na siku mbili. Nikazifunga roboti kwa magazeti, nikazipanga katika maboksi manne yaliyokuwa ya dawa, nikayasukuma uvunguni mwa kitanda. Kabatini nikatia vikombe na sahani. Nilipomaliza ndipo nilipong'amua kuwa nyumba ina kitanda kimoja, na atakayekilalia ni mama.

Alikuja na gari la jirani, amekonda, buibui limemzidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niwie radhi, nakupa mkono wa kushoto."

Kliniki walimpa mpira wa kuminya na vibanio vya nguo vya kubana na kubandua. Kila asubuhi alijaribu, na vidole vikabaki vimejikunja vile vile. Akishaoga huswali kwa kuketi kwenye kiti karibu na kitanda, na nyuma ya miguu yake, chini ya shuka lililoning'inia, yalikuwa yale maboksi. Mimi nilisimama jikoni nikisikiliza sauti yake, chai ikinipoa mkononi. Presha ikipanda, nilisema moyoni ni yale maboksi. Akijikwaa mlangoni, ni yale maboksi. Nilitaka kuyatoa, lakini hakuwa akitoka chumbani pasipo mimi, na sikuwa na pa kuyapeleka. Usingizi ukanipaa.

Wiki ya tano, nusura nimpe mteja dawa ya mtu mwingine. Mwenye duka aliiona kabla haijavuka kaunta. Hakunifokea. Aliichukua ile pakiti mkononi mwangu akasema, "Nenda nyumbani leo, upumzike."

Nikafika kabla ya adhuhuri. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na mama alikuwa sakafuni. Nilipiga ukelele nikamkimbilia.

"Umeanguka?"

"Sikuanguka. Kibanio kiliingia uvunguni, nikakivuta kwa bakora, likaja boksi."

Magazeti yalikuwa yametapakaa mkekani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ile roboti nyekundu, na kwa vidole vilivyojikunja vya mkono wa kulia alikuwa akiusukuma mkono wa roboti.

"Hiki kinakunjika," alisema, kwa mshangao kabisa. Akasukuma tena. Pakalia *ta*, na kuanzia kiwiko mkono ukamdondokea mapajani.

Nitasema kweli. Kabla sijamhurumia mama, nilikasirika. Nilimpokonya. Nilifanya haraka, lakini aliona.

"Nimekuharibia."

"Si kitu, mama."

"Ni kitu. Nimeuona uso wako." Akayatazama maboksi mengine. "Ni vyako hivi vyote?"

"Ni vyangu."

"Unaviweka vya nini?"

Nilikaa chini karibu naye. Nikamwambia nikitoka kazini naketi navyo, navikunja, navisimamisha, na roho hutulia. Kisha yakanitoka yote: kwamba nimemlaza juu ya sanamu wiki tano, kwamba rehema haingii nyumba hii, kwamba mkono wake haufunguki kwa sababu yangu. Nililia kama sijui kulia, kwa kukwama kwama.

Mama alinigeukia.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Tulipokuwa wadogo."

"Mimi nilikufunza adabu ya nyumba. Sikukufunza kwamba Mungu humpiga mama kwa ajili ya mwanawe." Akauweka mkono wake mbovu juu ya goti langu, mzito. "Vile vidonge vya presha niliviacha. Vilinitia kizunguzungu, nikaviacha miezi minne kabla sijapata kiharusi. Dada yako hajui."

Mimi ninayeshinda kaunta nikiwasihi watu wasikatize dawa, sikuwahi hata siku moja kumuuliza mama yangu.

"Lakini ninaposwali visikae," akasema. Nikayahamishia maboksi sebuleni siku ile ile.

Baada ya alasiri alimpigia simu mjomba, kaka yake aliye Lamu, mtu aliyesoma dini. Akauliza kama anayeulizia mambo ya jirani, sauti ikisikika chumba kizima. Mjomba alieleza kwa kirefu: vya watoto kuchezea, wanazuoni wengi wameviruhusu, vya mtu mzima kuweka kwa pambo pana hitilafu kati yao, na kujiepusha ni bora.

Mama akakata simu. "Kasema vya watoto havina neno."

"Kasema na mengine, mama."

"Nimeyasikia."

"Nami si mtoto."

"Kwangu mimi ni nani?"

Hatukulizungumza tena. Daktari alimbadilishia vidonge, kizunguzungu kikapungua. Alikaa miezi mitatu. Vidole vilifunguka kiasi cha kushika kikombe akisaidiwa na mkono wa pili, lakini kalamu haikumkaa mkononi. Ile roboti nyekundu niliiunga kiwiko kwa sindano ya kushonea. Mkono umesimama, haukunjiki tena. Nyingine nimerudisha nusu kabatini. Nusu bado zimo kwenye maboksi.

Siku ya kurudi Malindi nilimpangia vidonge vyake kwa siku, nikaandika kwa herufi kubwa.

"Utavinywa, mama?"

"Nitavinywa."

"Hata vikikutia kizunguzungu? Utanipigia kwanza?"

"Mwanangu, niache nipande gari."

Sasa kila asubuhi kabla ya kufungua duka nampigia. Asipopokea kwa mlio wa kwanza, nampigia dada, na huwa nimesimama pale barazani, ufunguo mkononi, siwezi kuutia tunduni mpaka niambiwe amekunywa vidonge.