Kadi ya Fuso ina jina la Mzee Mgaya

Jamani, naandika haraka haraka, mtanisamehe nikikosea herufi.

Fuso yangu imekaa polisi hapa Iringa miezi minne. Dereva alikamatwa akitoka Mafinga na mbao zisizo na kibali, Fuso ikazuiwa kama kielelezo cha kesi.

Leo kesi imeisha. Hakimu akasema gari lirudishwe kwa mmiliki. Nikasimama mbiombio!

"Wewe ndiye mwenye jina kwenye kadi ya gari?" hakimu akaniuliza.

Jina si langu.

Niliinunua kwa Mzee Mgaya, tunasali jumuiya moja. Tuliandikishiana kwenye karatasi ya daftari, tukashikana mikono. Kubadilisha jina kila siku nikasema kesho. (Msinicheke, nanyi mnazo kadi za hivyo.)

Leo nilikuja naye awe shahidi wangu. Hakimu akamgeukia. "Gari ni lako?"

Akanitazama. Akainama.

"Jina ni langu, mheshimiwa."

Amri ikaandikwa kwa jina lake. Polisi wakampa yeye ufunguo.

Nimedandia kiti cha abiria kabla hajaondoa gari.

"Mzee, tunaelekea wapi?"

"Tulia, mwanangu."

Mtaa wa Mlandege tumeshapita. Kwangu tumepaacha nyuma.

Niandikieni chochote, naogopa hata kumwangalia.