Kiti cha Nyuma, Kushoto

Kabla ya kuligusa gari, fundi alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, akajinusa vidole, akanawa tena. "Nisije nikalisingizia gari harufu yangu, mama," alimwambia mwenye gari, aliyempakata kitindamimba wake mwenye pumu. Ndivyo afanyavyo kila anapoletewa gari linalonuka petroli ndani. Hujifungia humo, vioo juu, macho kafumba, akahama kiti hadi kiti kama mgeni anayechagua pa kulala.

"Huyu anatengeneza au anasinzia?" mama alinong'ona.

Kioo kilishuka. "Mtoto hukaa wapi?"

"Nyuma, kushoto."

Fundi akalaza shavu palepale, akavuta pumzi, akakohoa. Akang'oa kiti. Chini yake, mpira wa kifuniko cha pampu ya mafuta ulikuwa umepasuka. Akaweka mpya, akafuta, akanusa.

"Limepona?"

"Sijui bado. Lilale limefungwa, kesho ninuse tena." Akatia ufunguo mfukoni.

"Na sisi tutafikaje nyumbani?"

"Kwa miguu, mama. Miguu haivuji."

Hasira zilimpanda mama. Mtoto akanyoosha mkono amshike fundi, naye akarudi nyuma upesi. Akaenda kunawa mpaka viwikoni, akajinusa, ndipo akampa kidole.